Maana ya Maneno Yaandikwayo Katika Kadi ya Kliniki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Nyanga, Bukoba)



Halmashauri ya Chama iliniomba niseme juu ya maneno ya uganga yapitayo mikononi mwetu katika barua, vyeti na kadi, ambayo sisi huyanakili vizuri kwa herufi zake zote, bali maana yake aghalabu hatuiulizi. Mimi si mganga. Kazi yangu ni ukarani kama ninyi, na nitakayosema ni yale ambayo karani aweza kuyafahamu akisoma kwa uangalifu na kuwauliza wanaojua. Maneno hayo ni mengi, wala sitayapanga kama kamusi. Nimechagua maneno mawili tu yaliyo katika kadi ya kliniki ya CTC, nayo ni haya: "virusi havionekani". Mengine nitayaeleza kwa sababu hayo mawili hayaeleweki bila wenzake.

Kwa nini nimeyachagua hayo? Kwa kuwa watu wawili waweza kuyasoma, na kila mmoja akaondoka na maana yake mwenyewe. Mmoja asema, "Alhamdulillahi, dawa zafanya kazi, nitaendelea nazo." Wa pili asema, "Namshukuru Mungu, nimepona," na siku ya kuchukua dawa haonekani tena kliniki. Karatasi ni moja na mwandiko ni mmoja, walakini wa kwanza yu katika njia ya uzima, na wa pili yu katika njia ya kurudi kitandani. Tofauti yao si ya dawa wala ya mganga, ni tofauti ya kusoma.

Sisi wa Kagera tunapaswa kuyajua maneno haya kabla ya watu wengine, maana yalianza kutumika kwetu. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walionekana mkoani mwetu mwaka 1983. Wakati ule maradhi yenyewe hayakuwa na jina la Kiswahili, na watu hawakungoja jina la waganga. Palikuwa na nguo ya fahari iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, jina lake Juliana. Na kwa kuwa ugonjwa ulionekana kuwaandama wale waliofuata biashara ile na wale walioitamani nguo ile, ugonjwa nao ukaitwa Juliana. Wenzetu wa Rakai, ng'ambo ya mpaka, waliuita silimu, yaani ugonjwa wa kukondesha. Tazameni jinsi majina hayo yanavyosema habari mbili mbalimbali: moja lataja mahali watu walipodhani umetokea, la pili lataja jinsi unavyoonekana kwa macho. Hakuna hata moja lisemalo ni kitu gani.

Wala haikuwa mara ya kwanza jina la wenyeji na jina la waganga kukutana katika nchi hii. Watu wa Kiziba walikuwa na ugonjwa wao waliouita rubwunga, na mwaka 1898 Robert Koch, mganga mkuu wa Kijerumani, alitangaza kwamba rubwunga ndiyo tauni ile ile iliyokuwa ikiwaua watu wa Bara Hindi.

Sasa nije kwenye jina la Kiswahili. UKIMWI ni neno lililotungwa kwa vipande: U ya upungufu, KI ya kinga, MWI ya mwilini. Ni kazi nzuri ya lugha. Lakini mtaona katika vitabu vya zamani wengine waliandika "ukosefu wa kinga", na wengine "upungufu wa kinga". Karani asidhani ni mamoja. Aliyekosa hana kabisa. Aliyepungukiwa bado anacho, ila hakimtoshi. Kwangu mimi "upungufu" ndilo neno la haki, kwa sababu kinga hupungua pole pole kwa miaka, na ikisaidiwa mapema huongezeka tena. Mtu aambiwaye amekosa hukata tamaa, na aambiwaye amepungukiwa huuliza atajazaje.

Basi, UKIMWI ni jina la hali ya mwili. Mdudu aletaye hali hiyo ana jina lake mbali, VVU, yaani virusi vya UKIMWI. Mwenye VVU si lazima awe na UKIMWI. Akitumia dawa aweza kufika uzee bila kuuona. Kwa hiyo barua isemayo "ana UKIMWI" juu ya mtu mwenye VVU tu, aliye mzima na afanyaye kazi zake, ni barua yenye kosa. Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier pamoja na wenzao, na hao wawili walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2008. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake sumu. Lilipoingia katika Kiswahili lilipata bahati ya kuanza na "vi", basi tukalifanya kama vitu na viti: kirusi kimoja, virusi viwili. (Wenye kusoma habari za Moscow nao wana Kirusi chao, lakini hicho hakiambukizi.)

Kirusi ni kitu gani? Ili kukieleza, niruhusuni niwapeleke ofisini, maana sijaona mfano unaotufaa zaidi sisi.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Katika kila seli, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, mna chumba cha ndani kiitwacho kiini, na humo imewekwa rejista kuu. Rejista hiyo waganga huiita DNA, na maingizo yake huitwa vinasaba, neno lililotoka katika nasaba, kwa kuwa ndiyo tunayorithi kwa baba na mama. Rejista kuu haitolewi chumbani. Ikitakiwa kazi fulani, karani wa seli hunakili ingizo moja katika kikaratasi kiitwacho RNA, na kikaratasi hicho hutolewa nje ya kiini kupelekwa kwa mafundi. Mafundi husoma kikaratasi na kutengeneza protini. Watu wetu wakisikia protini hufikiri maharage na dagaa, na si vibaya, kwa sababu sahani ya ndizi tupu ina protini kidogo mno na mtoto hakui kwa hiyo peke yake. Lakini protini si chakula tu. Nyama ya mwili, rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa, na vyombo karibu vyote vya kazi ndani ya seli ni protini.

Katika protini hizo zimo zile ziitwazo vimeng'enya. Jina limetoka katika kumeng'enya chakula, kwa sababu vile vya tumboni ndivyo vilivyojulikana mapema, lakini jina ni jembamba kuliko kitu chenyewe. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi moja maalum haraka sana: kingine hukata, kingine huunga, kingine hunakili. Fikirini mtumishi ajuaye kazi moja tu, lakini haichoki.

Desturi ya seli, basi, ni hii: rejista huandika kikaratasi, kikaratasi hutengeneza protini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mwandiko hauwezi kurudi nyuma. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, walionyesha kwamba viko virusi vyenye kimeng'enya kinachosoma kikaratasi na kukiandika tena katika herufi za rejista. VVU ni katika ukoo huo. Kirusi hiki ni kitu kidogo kabisa: kikaratasi cha RNA chenye herufi zisizofika 10,000, hali rejista ya mwanadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na ndani ya bahasha yake kimechukua karani wake mwenyewe. Kikiingia katika seli, karani huyo hukigeuza kikaratasi kuwa ukurasa, na kimeng'enya cha pili huufungua mshono wa rejista ya seli na kuushona ukurasa ule humo ndani. Toka siku hiyo ukurasa wa mgeni umekuwa sehemu ya rejista. Seli ikifanya kazi, hunakili ukurasa ule pamoja na mingine, ikatoa virusi vipya.

Mlango ambao VVU huingilia ni protini iliyo juu ya aina moja ya seli nyeupe za damu. Protini hiyo huitwa CD4. Watu huliogopa neno hili kama kwamba ni jina la maradhi, na kumbe ni namba ya orodha tu: wataalamu walizipanga alama za seli nyeupe na kuzipa namba, na hii ikapata namba 4. Seli zenye alama hiyo ndizo zitoazo amri kwa askari wengine wa mwili. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kiasi cha 500 hadi 1,500 katika milimita 1 ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 200 waganga humhesabu kuwa katika hatari kubwa, maana ndipo kifua kikuu na maradhi mengine huingia bila kupigwa hodi. Basi hesabu ya CD4 yaeleza askari waliobaki. Hesabu ya pili, wingi wa virusi, yaeleza adui waliopo. Ni hesabu mbili mbalimbali, na ya kwanza ni njema ikipanda, ya pili ni njema ikishuka. Nimeona watu wazima wenye elimu wakizichanganya.

Dawa nazo zina jina ambalo naona ni tamu kuliko la Kiingereza: dawa za kufubaza virusi. Kitu kilichofubaa kimepotewa na ukali wake, lakini hakikufa. Aliyelichagua neno hili alisema kweli yote kwa kitenzi kimoja, na laiti sote tungelisikiliza. Vidonge vitolewavyo sasa kwa watu wazima wengi huwa ni kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza humpa yule karani wa kirusi herufi za bandia. Akiitia mojawapo, mstari hukatika hapo hapo na ukurasa haumaliziki. Ya tatu huzuia sindano ya kushonea, hata ukurasa uliokwisha andikwa usiingie katika rejista. Mtaona kwamba zote zapigana na mwandiko mpya. Hakuna hata moja inayokwenda kuchana ukurasa ambao ulikwisha shonwa zamani. Hilo ndilo jambo lenyewe, Mabwana, na naomba mlishike.

Maana seli nyingine zenye ukurasa ule hulala. Hazinakili kitu, hazitoi virusi, wala dawa haina la kuzifanya. Zaweza kulala hivyo miaka mingi. Katika damu ya mtu anywaye dawa vizuri hamna virusi vya kuhesabika, kwa sababu makarani wote wa nje wamefungwa mikono. Huku kurasa zimo bado katika rejista zilizofungwa. Maabara ipimapo wingi wa virusi huhesabu nini? Huhesabu nakala. Ndivyo waandikavyo: nakala kadhaa katika mililita 1 ya damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilifafanua mafungu matatu: zaidi ya nakala 1,000, virusi havijafubaa, nakala zinazoonekana lakini hazizidi 1,000, vimefubaa, na kisha fungu ambalo kipimo hakioni nakala yo yote. "Havionekani", basi, ni neno la kipimo na neno la damu. Limesema nakala hazionekani. Juu ya rejista halikusema neno.

Kama yuko anayeona shaka, na atazame habari ya mtoto mmoja wa jimbo la Mississippi huko Marekani. Alizaliwa mwaka 2010 na VVU, akaanzishiwa dawa alipokuwa na saa 30 tu tangu kuzaliwa. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi dawa zikakoma, na virusi havikuonekana. Mwaka 2013 ilitangazwa duniani kote kwamba huenda amepona. Alikaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana; mwaka 2014 vikaonekana tena. Hata maabara bora za Marekani hazikuweza kujua kwamba ukurasa uliokuwa umelala ungeamka. Watu wazima waachao dawa hawakai miezi 27. Aghalabu katika majuma machache nakala zimekwisha rudi.

Wako waliopona kweli, lakini sikilizeni ilivyowagharimu. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akikaa Berlin, alikuwa na VVU na tena saratani ya damu. Mwaka 2007, na tena 2008, waganga waliuangamiza uboho wa mifupa yake na kumpa uboho wa mtu mwingine, ambaye kwa kuzaliwa kwake seli zake zilikosa protini nyingine, CCR5, ambayo VVU huihitaji pamoja na CD4 ili kuingia. Yaani hawakuchana ukurasa. Walichoma rejista na kuleta makabati mapya yenye mlango usiofunguka. Nusura afe kwa matibabu hayo. Aliishi bila VVU hata mwaka 2020, saratani ilipomrudia ikamwua. Njia hiyo haiwezi kuwa dawa ya watu wa Muleba wala ya watu wa Berlin.

Lakini isidhaniwe kwamba "havionekani" ni neno dogo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana umethibitisha kwamba aliye katika hali hiyo, na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Nafikiri hili halijatangazwa vya kutosha katika nyumba zetu. Mwaka 1987 uchunguzi katika mji wa Bukoba uliona VVU katika watu wazima 24 kwa kila 100. Mwaka 1996 walikuwa 13. Hiyo ilikuwa kabla ya dawa kutolewa bure nchini, jambo lililoanza mwaka 2004. Na katika upungufu ule ilikuwamo pia misiba tuliyoizika katika migomba. Leo mume na mke waweza kukaa pamoja na kuzaa watoto wasio na maambukizi, kwa nguvu ya neno hili moja, maadamu dawa haziachwi.

Na zikiachwa, kisha zikarudiwa, kisha zikaachwa tena? Hapo huja neno la usugu. Karani wa kirusi ni mwandishi mbovu: hukosea herufi mara kwa mara, wala hasahihishi. Makosa mengi hukiua kirusi chenyewe. Lakini mara moja moja kosa humfanya asidanganyike na herufi za bandia. Dawa zikiwamo tatu kwa kipimo kamili, ni vigumu nakala kupatikana yenye makosa yote yanayotakiwa kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hazitolewi moja moja. Dawa zikiwamo nusu nusu, nakala sugu ndiyo ibakiayo na kuzaa. Usugu basi ni wa kirusi, si wa mtu. Mtu hazoei dawa hizi kama azoeavyo tumbako.

Yamebaki maneno mawili matatu ya cheti cha kupima. Kipimo cha kidole hakitafuti kirusi. Hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kumkabili mgeni. Mwili wahitaji muda kuzitengeneza, na katika majuma ya kwanza, hata kufikia miezi 3, mtu aweza kuwa na virusi na kipimo kisione kitu. Waganga hukiita kipindi cha dirisha. Kwa sababu iyo hiyo mtoto mchanga hapimwi kwa njia hiyo: kingamwili za mama humwingia tumboni na hukaa naye hata miezi 18, basi kipimo kingemshuhudia mama badala ya mtoto. Mtoto hutafutwa vinasaba vya kirusi chenyewe. Na "chanya" katika cheti si sifa njema kama katika "fikira chanya". Maana yake kilichotafutwa kimepatikana. "Hasi" maana yake hakikupatikana siku ile.

Hayo yanihusu mimi na ninyi kwa namna hii. Tuandikapo barua ya ruhusa au ya uhamisho kwa mtumishi, tusimwandikie "amepona" kwa kuwa kadi yasema "havionekani", wala tusiandike maradhi yake kabisa ikiwa barua haiyahitaji. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru matokeo ya kipimo yawe siri. Faili likipita mezani pako, siri hiyo imekupitia na wewe. Anayehama naye apewe barua ya kliniki ya kule aendako kabla hajafunga mizigo, maana wengi hukatika dawa njiani kati ya kituo na kituo, si kwa ukaidi.

Na mwisho, tarehe. Kwa mtu mzima aendeleaye vema wingi wa virusi hupimwa mara moja kwa mwaka. Kadi isemayo "havionekani" yaeleza damu iliyotolewa siku iliyoandikwa pale. Nimeona nakala za kadi ambazo karani amenukuu neno na kuiacha tarehe kwa kuwa nafasi haikutosha. Afadhali liachwe neno.

Nimekwisha. Maswali ya maneno nitajaribu kuyajibu. Ya mwili wa mtu mwenyewe tumpelekee mganga.